Gauni Lililogeuzwa Ndani Nje

Siku Mkurugenzi wa makumbusho alipokubali, Chiriku alishuka ngazi akiruka mbilimbili, viatu mkononi, hata mlinzi wa mlangoni akainuka kitini akidhani huko juu kuna moto.

"Kuna nini wewe?"

"Amekubali! Tumepewa chumba! Tunafanya maonyesho ya nguo!"

Mlinzi akaketi tena. Pale kazini wote walimwita Kufuli, kwa kuwa hajapata kupita mlango bila kujaribu kama umefungwa. "Nguo," akasema taratibu, kama anayeonja neno. "Nyumbani kwangu kuna kamba nzima imejaa nguo. Sijaona mgeni aliyekuja kuzitazama."

"Subiri uone, babu. Utachana tiketi mpaka vidole viote sugu."

"Haya. Vaa viatu kwanza, ndio unitishe."

Jina la Chiriku alipewa utotoni, maana alianza kusema kabla hajajua kutambaa, na tangu hapo hajapumzika. Alikuwa amemaliza chuo mwaka uliopita, amesomea historia, na makumbusho yakamwajiri awe msaidizi wa maonyesho. Alikuta vyungu, mawe, sarafu na mikuki, vyote vimepangwa vizuri, vyote vimelala. Wageni walikuwa wanafunzi walioletwa na mwalimu, na wapita njia waliobanwa wakitafuta choo. Lakini kwingineko, alikuwa amesoma, makumbusho yalipoweka nguo foleni ilizunguka jengo. Walikuja bibi na mjukuu, fundi na mteja wake, watu wasiowahi kukanyaga makumbusho maishani mwao, wakasimama mbele ya koti la mtu wasiyemjua na kuambiana, tazama kiwiko kilivyochakaa. Chiriku aliwaonyesha wenzake picha hizo kwenye simu mpaka ikawa wakimwona anakuja, wanajifanya wana haraka.

"Si kila mtu amewahi kushika mkuki," alikuwa akiwaambia migongoni. "Lakini nani hajawahi kuvaa?"

Mkurugenzi, mwanamke mrefu, mkavu wa maneno, alikuwa ametoa sharti moja. "Nguo nzuri ziko madukani, binti. Kule mtu anaziona bure na anaruhusiwa kuzishika. Mimi nataka kitu cha kumsimamisha mtu, kimoja tu, katikati ya chumba. Siku moja kabla ya kufungua nitapita mwenyewe. Nikipita bila kusimama, hatufungui. Chumba kinakuwa cha mikutano, na mambo ya nguo tusiyasikie tena hapa."

Kwa Chiriku hilo halikuwa tatizo. Kitu cha kumsimamisha mtu alikuwa nacho ndani ya ukoo.

Lilikuwa gauni la harusi, rangi ya maziwa, la mikono mirefu na vifungo vidogo vidogo mgongoni. Alilishona Mama Mkubwa, dada wa kwanza wa mama yake, fundi cherehani, akaolewa nalo. Kisha akalipunguza, na mama yake Chiriku akaolewa nalo. Kisha akalipanua, na Mama Mdogo akaolewa nalo. Dada watatu, gauni moja, na kila harusi iliacha alama yake. Pindo lilikuwa na tope la mvua iliyomnyeshea Mama Mkubwa akishuka kwenye gari. Mkono wa kulia ulikuwa na doa jekundu la sharubati aliyomwagiwa Mama na shemeji yake. Na begani palikuwa na wanja, pale Bibi alipomkumbatia Mama Mdogo akalia, maana ndiye aliyekuwa wa mwisho kuondoka nyumbani. Bibi mwenyewe alishatangulia mbele ya haki. Wanja wake ulikuwa bado pale begani.

Chiriku alishaandika na vibandiko vya kuweka ukutani: *Tope. Sharubati. Machozi.* Kila akivisoma, mwili ulimsisimka.

Akaenda kwa Mama Mkubwa kuliomba. Alimkuta kwenye cherehani, miwani imeshuka puani, pini zimejaa mdomoni.

"Shikamoo, Mama Mkubwa."

"Marahaba. Sema lako, ila usinichekeshe, nitameza pini."

Chiriku akasema lake. Mama Mkubwa akatema pini zote kiganjani. "Gauni langu? Makumbusho? Nilivyosikia kule kuna mafuvu."

"Hakuna mafuvu, Mama Mkubwa. Litakaa katikati ya chumba, peke yake, limewekewa taa."

"Taa!" Akapangusa kioo cha miwani ambacho hakikuwa na vumbi. "Haya. Mcheza kwao hutunzwa. Njoo ulichukue wiki ijayo."

Kama Chiriku angeaga hapo, yote yangekwenda sawa. Lakini ulimi wake haukuwa na breki, na furaha ilikuwa imempanda kichwani. Akaanza kueleza jinsi makumbusho yanavyotunza nguo: glavu nyeupe, karatasi laini, sanduku maalumu. "Na kabla ya yote tunaifunga nguo kwenye nailoni, tunaitia kwenye friza."

Mguu wa Mama Mkubwa ukatulia kwenye kikanyagio. "Friza. Ile ya samaki?"

"Hapana, mpya, ya nguo tu! Ni kwa ajili ya kuua wadudu. Na mayai yao."

"Wadudu gani?"

"Nondo, na vile vidude vidogo vinavyotafuna... Si kwamba wapo, Mama Mkubwa. Ni utaratibu."

"Ahaa," akasema Mama Mkubwa. "Utaratibu."

Yeyote aliyelelewa karibu na mwanamke yule aliijua "ahaa" hiyo, na alijua kwamba inapotoka mtu hukaa chini na kuanza kuomba radhi. Lakini Chiriku alishafika mlangoni, anaimba. Tena kuna neno moja hakulisema kabisa, neno ambalo kwenye makumbusho husemwa kabla ya salamu: msilifue. Hakulisema kwa sababu alidhani kila mtu analijua.

Wiki iliyofuata akarudi, sanduku la makumbusho kifuani. Harufu ya sabuni ndiyo iliyompokea getini. Uani wamekaa dada wote watatu, Mama Mkubwa, mama yake na Mama Mdogo, kila mmoja na kikombe cha chai, nyuso zimetulia kama za watu waliotoka kumaliza kazi ya maana. Nyuma yao, kwenye kamba, gauni lilikuwa linachuruzika maji.

"Karibu, mwanangu," akasema Mama Mkubwa. "Kalitazame. Hata mdudu wa kusingiziwa humkuti."

Sanduku likamponyoka Chiriku. "Mmelifua."

"Kufua tu?" akadakia Mama Mdogo. "Tumeliloweka, tumelisuuza, tumelitia dawa ya madoa. Lile tope la tangu enzi na enzi! Limetoka, utadhani siku ile mvua haikunyesha."

"Na wanja?"

"Huo ndio ulitusumbua. Nimeusugua kwa mswaki."

Palikuwa na ndoo imefudikizwa kando ya kamba. Chiriku akaikalia, akafunika uso, akalia kama mtoto aliyenyang'anywa. Dada watatu wakatazamana. Mama yake akaja akachuchumaa mbele yake.

"Kwani kuna nini? Limetakata, tena vizuri."

"Nilikuwa nataka madoa, Mama. Ndiyo maonyesho yenyewe. Mkurugenzi akipita bila kusimama, chumba kinafungwa. Nilitaka asimame kwa ajili ya madoa."

"Madoa?" Mama Mkubwa akaweka kikombe chini. "Sasa wewe, nguo inakwenda ugenini, si lazima ioge? Mtu huendi kwa watu na tope pindoni."

"Lilikuwa tope la harusi yako," akasema Chiriku. "Na wanja ulikuwa wa Bibi."

Mama Mdogo akainua mkono polepole, akajishika begani, mahali palepale.

"Mama yangu," akasema kwa sauti ndogo. "Nimemsugua kwa mswaki."

Hakuna aliyecheka. Mama Mkubwa alitaka kusema habari ya wadudu, lakini ilionekana hata kwake kwamba habari hiyo imeshapitwa.

"Maji yakimwagika hayazoleki," akasema mama yake Chiriku mwishowe, akimpangusa mwanawe uso kwa upindo wa kanga. "Inuka. Tutafikiri."

Chiriku akainuka, na kwa kuwa hakutaka kumtazama mtu usoni akalitazama gauni. Upepo ukalichukua, ukaligeuza huku na huku. Hapo akaona kwamba halikuwa limeanikwa kama alivyolijua. Nguo yoyote iliyopita mikononi mwa Mama Mkubwa ilianikwa imegeuzwa ndani nje, jua lichome na vumbi litue upande usioonekana. Chiriku alikuwa amelitazama gauni lile tangu utoto wake, kwenye picha na kabatini, lakini ndani yake hakuwahi kuchungulia.

Akasogea. Akasogea tena. Machozi yakakatika yenyewe.

"Mama Mkubwa, hii ni nini?"

"Bitana."

"Najua ni bitana. Haya maua?"

Ndani yote, kuanzia kifuani hadi magotini, palikuwa na kitambaa cha pamba kilichopauka, chenye maua madogo ya buluu.

"Ah, toka huko," akasema Mama Mkubwa, akiinuka kwa haraka kuliko umri wake. "Bitana ilinikosa, nikatia shuka. Fundi hutia alicho nacho."

"Shuka gani?" Sasa mama yake Chiriku naye akasogea, na Mama Mdogo nyuma yake. Wote wawili wakashika kitambaa. Kisha mama yake akapiga ukelele hata kuku wakatawanyika. "Si shuka letu hili! Lile tulilojifunika watatu! Mama alisema limeibwa kambani!"

"Mimi nilipigwa kwa ajili ya shuka hili," akasema Mama Mdogo. "Niliambiwa ndimi niliyesahau kulianua!"

Mama Mkubwa akarudi kukaa. Alionekana kama mtu aliyekutwa na sukari mdomoni. "Ni yeye aliyenipa. Usiku ule nashona, akaja nalo limekunjwa. Akasema, nimewafunika tangu mkiwa wadogo, basi na siku ya kutoka humu mtoke nimewafunika. Nyote watatu. Akasema nisiwaambie, mtalia na kuharibu poda."

"Ndiyo maana ukanivalisha mwenyewe!" akasema mama yake Chiriku. "Ukaniambia nifumbe macho!"

"Na mimi pia! Na leo ukakataa tusiliguse ndani, ukaligeuza na kulianika mwenyewe!"

"Ninyi mlikuwa mnafumba?" Mama Mkubwa akashindwa kujizuia, mabega yakaanza kumtikisika kwa kicheko. "Nilidhani angalau mmoja atachungulia."

Wakacheka wote, wakalia kidogo, wakacheka tena. Chiriku hakuwa nao. Yeye alikuwa ameingiza kichwa chini ya gauni lililolowa, maji yanamdondokea shingoni, anafuata mishono kwa kidole. Ulikuwepo mshono wa kwanza, umenyooka, wa uzi mweupe. Kando yake palikuwa na mwingine wa ndani zaidi, pale gauni lilipopunguzwa kwa ajili ya mama yake aliyekuwa mwembamba kama ufagio. Huo nao ulikuwa umefumuliwa, umebaki mstari wa matundu madogo madogo. Na pembeni mwa kiuno kilikuwa kimechomekwa kipande kipya, kipana, kwa uzi wa buluu.

"Hapa ni nani?" akauliza kutoka ndani ya gauni.

"Hapo ni mimi," akasema Mama Mdogo. "Nilikuwa nimenenepa kidogo."

"Ulikuwa umenenepa upande mmoja," akasema Mama Mkubwa. "Wa mbele."

"Dada!"

"Na huo unene wenyewe sasa ni bwana mkubwa, ana ndevu."

Chiriku akachomoza kichwa, nywele zimelowa, macho yanawaka. "Nimepata! Tunaliweka hivihivi. Ndani nje! Picha zenu tatu za harusi tunaziweka ukutani, mtu aone nje lilivyokuwa. Halafu akigeuka, ndani hii hapa, yote, shuka na matundu na kila kitu!"

"Thubutu!" Mama Mkubwa alisimama wima. "Ndani ya nguo ni jikoni kwa fundi. Mgeni humkaribishi jikoni, unamkaribisha sebuleni. Uzi wa buluu huo niliutia kwa kuwa mweupe uliisha. Watu waje waseme, fundi gani huyu?"

"Mficha uchi hazai, dada," akasema mama yake Chiriku.

"Mimi nimezaa wanne, methali hiyo haininyimi usingizi."

"Mbona mimi nakubali?" akasema Mama Mdogo. Aliendelea kulishika shuka, halimtoki mkononi. "Anayeumbuka hapo ni mimi na kiuno changu, si wewe na uzi wako. Begani nimemfuta Mama. Niacheni nimtoe huku ndani."

Mama Mkubwa akavua miwani, akaipangusa kwa dhati safari hii.

"Basi," akasema. "Lakini angalau nikate hizi nyuzi zinazoning'inia."

"Hata mmoja usikate!" akapiga kelele Chiriku.

Gauni likakauka kivulini, likatiwa kwenye friza kwa heshima zote, likatoka. Siku moja kabla ya kufungua, chumba kilikuwa tayari. Kulikuwa na sare ya muuguzi aliyestaafu, koti la mvua la tarishi, jezi iliyopasuka bega, fulana ya mtoto iliyovaliwa na kaka na dada mpaka ikawa nyepesi kama karatasi. Katikati, juu ya jukwaa dogo, chini ya taa, lilisimama gauni limevalishwa sanamu, ndani nje. Vile vibandiko vya zamani Chiriku alikuwa amevichana. Kimoja tu alikiacha, akakibandika ubavuni mwa jukwaa: *Machozi*. Kisha akakitoa nacho, akaandika: *Shuka la mama yao*.

Mkurugenzi akaingia, simu sikioni. Chiriku akajibana ukutani, mikono nyuma, na kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe hakuwa na neno.

Mkurugenzi akapita kwenye sare. Akapita kwenye koti. Akafika katikati, akalitupia gauni jicho moja huku akiongea habari za bajeti, akapita. Akapita kabisa! Mwanamke yule mrefu alishaufikia mlango wa pili, ameshika kitasa, mgongo ameugeuzia chumba kizima. Ndipo akatulia.

"Nitakupigia," akaiambia simu.

Akarudi. Akalizunguka gauni, akasimama. Akainama, akasoma kibandiko, akatazama maua ya buluu. Akageukia picha za ukutani, akatazama wanawake watatu, akarudia gauni.

"Mwanzoni nilidhani mmelivalisha vibaya."

"Hapana, mama."

"Wote watatu walilivaa?"

"Wote watatu. Na shuka hawakulijua, isipokuwa aliyeshona."

Mkurugenzi alifungua vifungo vya koti lake lile jeusi la mikutano, lile ambalo ofisi nzima ililiogopa, akageuza upande mmoja. Bitana ilikuwa imeshikizwa kwa pini, mstari mzima.

"Pini hizi zina mwaka wa ngapi sijui," akasema, akacheka kwa namna ambayo Chiriku hakuwahi kumsikia. "Mama yangu angeliona hili, angenivua palepale mkutanini." Akafunga vifungo. "Fungueni kesho. Ila ujue, sikusimama. Nilirudi."

"Kurudi ni zaidi ya kusimama, mama," akasema Chiriku, na ulimi ukawa umerejea kazini.

Kesho yake foleni ilianza kabla ya mlango kufunguliwa. Haikuzunguka jengo, lakini ilifika kona, na Kufuli alichungulia kona hiyo mara nyingi kama haamini. Alichana tiketi mpaka akaomba mtu ampokee. Katika umati huo wakafika dada watatu, wamevaa wakavalika, na Mama Mkubwa mbele. Kufuli akatazama ndani ya mkoba wake.

"Mama, huu mkasi wa nini?"

"Wa kazi. Mimi ni fundi."

"Humu hauingii mkasi."

"Nyuzi mbili tu, baba. Hata hawatajua."

"Nimeshaonywa habari yako," akasema Kufuli, akautia mkasi mfukoni mwake na kuupigapiga kwa nje.

Ndani, Mama Mkubwa alijificha nyuma ya watu asikie watakavyomsema. Mbele yake wanawake wawili walikuwa wameinama kwenye kiuno cha gauni.

"Ona, hapa uzi uliisha, akatia wa buluu," akasema mmoja.

Mama Mkubwa akakaza shingo.

"Kama mama yangu," akasema mwenzake. "Alikuwa hivihivi. Hakuna kilichomshinda." Kisha mwanamke huyo akashika pindo la sketi yake, akaligeuza, akachungulia ndani. Mwenzake akakunjua mkono wa blauzi. Kijana aliyekuwa nyuma yao akavua koti, akaligeuza lote, akamwonyesha mtu asiyemjua mahali ambapo dada yake alimtilia kiraka. Likawa jambo la chumba kizima, likatoka hadi kwenye foleni: watu wazima, wamesimama mchana kweupe, wanageuza kola na mapindo yao, wanaonyeshana, wanabishana ni mkono wa nani. Chiriku alikimbia kutoka kwa mmoja hadi mwingine, anauliza, anacheka, anataka kusikia kila kiraka kimetoka wapi, na watu walikuwa wanataka kumwambia.

Mama Mdogo alisimama mbele ya jukwaa muda mrefu, mkono begani. Mama yake Chiriku akamshika kiuno. Na Mama Mkubwa, ambaye alikuwa amejificha, akajikuta anasukuma watu kwa kiwiko mpaka mbele.

"Uzi huo wa buluu," akatangaza, "ni wangu."

Walimzunguka. Alieleza mpaka sauti ikamkauka.

Alipotoka jioni kuchukua mkasi wake, alimkuta Kufuli ameketi na fulana ya ndani tu, koti la sare ameligeuza magotini, anapitisha kidole kwenye kiraka chini ya kwapa, kimeshonwa kwa mkono, kwa vishono vidogo sana.

"Mke wangu," akasema. "Hakuniambia. Nimelivaa koti hili miaka, sikujua."

Mama Mkubwa akaweka miwani puani, akainama. "Mkono mzuri. Anajua kazi. Ila hapa uzi mmoja umechomoza. Lete mkasi wangu."

Kufuli akalikumbatia koti kwa mikono miwili.

"Hata mmoja usikate," akasema.